Mkate Nilioufuta Ukutani

Mtaa wa Degrezlik,
Kokand.
18 Februari 2024.

Mpendwa Mama mdogo Sanobar,

Assalamu aleikum. Kabla sijakueleza lolote, nipe kwanza hali yako. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Korea? Bado mnasimama zamu nzima kiwandani, au yule msimamizi wenu ameingiwa na huruma akawapa viti? Unalala vizuri? Mama anauliza kama bado unakula ile kabichi yenye pilipili, na kama unaila kwa kuipenda au kwa kukosa kingine. Naomba unijibu moja moja, usiruke hata swali.

Sisi huku tu wazima. Presha ya Mama inapanda na kushuka kama ilivyo desturi yake, na hupanda zaidi Shangazi Hosiyat akija kututembelea. Asal, binti wa Kaka Ergash, yuko darasa la kwanza sasa. Ameng'oka meno ya mbele na akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Theluji imeyeyuka mapema, na mtaa wetu ni tope kutoka mwanzo hadi mwisho.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu zipo. Anayekuletea ni Jasur, mtoto wa jirani yetu fundi wa magari, ambaye amepata kazi huko kwenu. Nimempa pia mfuko wa aprikoti kavu, na ukiona umepungua ujue amekula njiani. Sababu hasa ya karatasi ni kwamba habari yenyewe haifai kuwekwa kwenye lile kundi la ukoo la Telegramu. Mle Mama yumo, Shangazi Hosiyat yumo, wamo hata watu ambao sijui tumeungana nao wapi, na kila neno likiingia mle linatiwa chumvi.

Katika ule ujumbe wako wa sauti uliuliza mimi hasa nafanya kazi gani. "Unachora, unapiga picha, au unashinda kwenye simu tu kama wenzio?" Nilicheka peke yangu. Nafanya yote matatu. Mtu ana duka lake dogo, au anashona, au anaoka keki za harusi, na anataka ajulikane. Mimi namtengenezea nembo, namchagulia rangi na mwandiko, napiga picha za bidhaa zake, nazipanga kwenye ukurasa wake wa Instagramu, kisha naandika maneno mawili matatu ya kuwavuta wateja. Mama akiulizwa na majirani anasema binti yake ni mwalimu wa kompyuta, nami nimemwacha aseme.

Kinachonivuta katika kazi hii ni watu. Ukimwuliza mtu anataka nembo ya namna gani, anakuambia jinsi anavyotamani aonekane, nami hubaki kujiuliza kaitoa wapi tamaa hiyo. Mchukue Tolqin kinyozi, yule wa karibu na kituo cha mabasi. Ni mwembamba na mpole, huwaomba radhi wateja kabla hajawagusa na wembe. Alitaka simba.

"Simba mwenye taji," akasema, "mkasi mdomoni, na chini yake uandike VIP."

"Kaka Tolqin, simba ana manywele mpaka mabegani. Mteja akimwona mlangoni si atasema humu ndani hawajui kunyoa?"

Akafikiri kweli kweli, kidole shavuni. "Basi mnyoe kidogo pembeni."

Nikamnyoa simba pembeni. Sasa vijana wanaingia dukani wakionyesha ukutani na kusema, "Ninyoe kama huyo," na mimi mwenyewe sielewi imekuwaje.

Kuna pia suala la herufi. Ukiandika kwa Kilatini vijana wanasoma, lakini akina Mama wanapita kama hawajaona kitu. Ukiandika kwa zile herufi za Kirusi wazee wanasoma, na vijana wanasema duka limepitwa na wakati. Kuna mshonaji mmoja aliniambia niandike kwa zote mbili, halafu nikuze, halafu nikuze tena, mpaka jina likajaa kibao kizima na cherehani ikakosa pa kukaa. Ameridhika kabisa. Nikipita pale husimama nikatazama kinachowafanya watu waingie, na bado sijakijua.

Haya yote ni ya kukuchangamsha tu. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya wifi yangu Mohigul na Kaka Ergash.

Unajua jinsi kaka alivyokwenda Urusi kujenga majumba ya watu, ili arudi atuongezee ghorofa kwenye letu. Mwanzoni alipiga simu kila siku, baadaye kila Ijumaa, baadaye sikukuu kwa sikukuu. Mwisho ukapita zaidi ya mwaka bila sisi kuisikia sauti yake. Fedha hufika mara moja moja kwa mikono ya watu wanaorudi, nao ukiwauliza habari zake wanasema, "Mzima, anawasalimu," huku wakiangalia pembeni. Namba yake ukiipiga inaita mpaka inakata. Wifi hajawahi kulalamika mbele yetu. Alilikarabati lile tanuri la uani lililokuwa limepasuka tangu enzi za Bibi, akaanza kuoka mikate ya kuuza, na hiyo ndiyo inayotulisha.

Mwezi uliopita kaka yake wifi alikuja kutoka Rishton. Akanywa chai, akajifuta mdomo, akamwambia Mama bila kuzunguka kwamba sikukuu ya Navruz ikipita na Ergash hajaonekana, atamchukua dada yake pamoja na Asal warudi kwao. Mama alikuwa anamimina chai, akaimimina mpaka ikafurika kitambaani. Sikuweza kumlaumu yule bwana. Ningekuwa mimi ndiye kaka yake ningekuja mapema zaidi. Ila nampenda wifi, Mama mdogo, na Asal hulala kitandani kwangu akinipiga mateke, na nikifikiria nyumba hii bila wao namvuta karibu zaidi, mateke na yote.

Kwa hiyo nikasema nitamsaidia kwa ninachokijua. Mikate yake ikijulikana mji mzima, nilijiambia, hata akija huyo kaka mtu atakuta dada yake ana jina lake na shughuli yake, na pengine atapoa. Nembo yake ndiyo ilinisumbua kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilichora masuke ya ngano. Nilichora tanuri. Nilichora hata mwezi na ua, kwa sababu ndivyo vilivyo ndani ya jina lake. Kila nikimwonyesha anatikisa kichwa na kurudi kwenye unga wake. Mama naye alikuwa na lake.

"Andika Mkate wa Ergash," akasema. "Nyumba ni ya Ergash, mke ni wa Ergash."

"Na mikono?" nikauliza.

"Na mikono ni ya Ergash."

Wifi alikuwa palepale anakanda. Donge lile la siku hiyo lilipigwa mpaka nikalionea huruma.

Asubuhi moja nikawa namtazama akigonga muhuri katikati ya mikate kabla ya kuibandika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Si unaujua muhuri wake, kile kijiti chenye misumari midogo iliyopangwa duara? Kila mwokaji ana mpangilio wake. Wa wifi alitoka nao kwao, nyota ya ncha nyingi iliyozungukwa na vitone, na siku hizi ametia na namba ya simu pembezoni kama waokaji wengine wa soko letu. Nikajiuliza mbona mtaa mzima unaitambua mikate yake, na haijawahi kuwa na jina? Nikauchukua muhuri, nikauchovya kwenye wino, nikagonga karatasi. Hapo hapo nembo ikapatikana.

Wifi akaiangalia, akaniangalia. "Kwa hiyo umenichorea nilichonacho, halafu unataka uitwe msanii."

"Na utanilipa."

"Nitakulipa mkate wa jana."

Hata hiyo nembo haikwenda bila kisa. Misumari ya upande mmoja wa tarakimu ya nane, kwenye ile namba ya simu, ilikuwa imeng'oka bila sisi kujua, na kwenye mikate nane ikasomeka tatu. Mteja akitaka kuagiza anampata bwana mmoja wa Namangan, dereva wa lori. Alivumilia weee, mwisho akawauliza wateja jina la ukurasa wetu, akaitafuta namba ya kweli akapiga.

"Jamani," akasema, "wateja wenu nimeshawajua kwa majina. Kuna harusi Alhamisi, nimealikwa. Sasa mnaniajiri au mnarekebisha namba?"

Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la unga. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Sasa nafika penyewe. Hivi karibuni nilimpiga wifi picha ya kuweka juu kabisa ya ukurasa. Kabla ya hapo, tangu Septemba, nilikuwa naweka picha za haraka haraka tu, mikate, mikono, Asal na begi lake la shule, na sikuwa nazisafisha. Hii nilitaka iwe ya heshima. Amesimama barazani, mikate mbele yake inatoa mvuke, mashavu mekundu kwa moto, na kwa mara ya kwanza amekubali uso wake uonekane. Ilitoka nzuri mno. Kasoro yake ilikuwa ule ukuta wa nyuma, wenye waya wa umeme, fagio, birika lililoungua, na kitu fulani cha kahawia juu ya bega lake. Nikafanya kama ninavyofanya kila siku kwa kila mteja. Nikapitisha kidole kwenye skrini, nikafuta waya, nikafuta fagio, nikafuta birika, nikafuta na kile cha kahawia. Ukuta ukabaki mweupe pee. Nikaituma picha, nikaenda zangu kunywa chai.

Kile cha kahawia kilikuwa mkate wa Kaka Ergash.

Wewe huhitaji kuelezwa, maana wako pia upo chumbani kwa Mama, umefungwa kwenye kitambaa. Asubuhi ile ya kuondoka Mama alimpa kaka mkate wa moto, kaka akang'ata mara moja, na uliobaki ukatundikwa barazani kwa uzi, umngoje mpaka arudi aumalizie mwenyewe. Umekaa pale hadi umekuwa mgumu kama ubao, na alama ya meno yake ipo. Mimi napita chini yake kila siku nikienda kuchota maji, na nadhani ndiyo maana kidole changu hakikusita hata kidogo.

Wa kwanza kufika alikuwa Shangazi Hosiyat, kiatu kimoja chake, kingine cha mumewe. Jicho moja linalia, la pili linatafuta viatu vya mgeni mlangoni petu.

"Amerudi?" akasema. "Au amekufa? Niambieni moja!"

"Nani, shangazi?"

"We mtoto, usinifanye mjinga! Mkate wake mmeushusha, dunia nzima imeona!"

Ndipo nikaelewa. Mkate kama ule hushushwa mwenyewe akirudi, au ikishajulikana kwamba harudi tena. Mama aliyasikia kutoka jikoni. Akatoka kichwa wazi, na wewe unajua Mama hatoki kichwa wazi, akaenda mpaka barazani, akainua mkono akaugusa. Ulikuwa palepale. Akaugusa tena. Kisha akanigeukia, na uso ule sitaki kuuona mara ya pili.

"Umemtoa mwanangu ukutani kwa kidole," akasema.

Nikamweleza kwamba ni picha tu, kwamba hata fagio nimelifuta na hakuna anayelilia fagio. Afadhali ningenyamaza. Wifi alikuwa kando ya tanuri wakati wote huo. Aliinua macho kuuangalia mkate, akaniangalia mimi, akaendelea kupuliza moto.

Adhuhuri simu ya mikate ikalia. Hiyo naishika mimi, kwa kuwa mikono ya wifi haikosi unga. Ilikuwa namba ngeni ya Urusi. Sikushtuka, maana wapo wateja walioko huko wanaowaagizia wazazi wao mikate.

"Nani ameushusha mkate wangu?" sauti ikasema, bila salamu wala hujambo.

"Upi huo, mteja?" nikajibu. "Uliagiza mingapi? Ya mafuta au ya kawaida?"

"Hulkar," akasema. "Ni mimi."

Mama mdogo, nilikaa chini topeni na gauni langu jipya. Nilikuwa nimejiwekea maneno makali ya kumpa siku atakayopiga, nimeyapanga kabisa, na yote yakaniponyoka. Nikauliza swali la kijinga, "Umeionaje hiyo picha?"

"Naziona zote," akasema. "Tangu ya kwanza."

Baadaye niliangalia ni nani hutazama tunavyoviweka, nikamkuta. Anajiita Lochin, na badala ya uso wake ameweka kipanga. Kila kitu amekitazama, mara nyingi wa kwanza kabla hata ya majirani. Nilikuwa namwona siku zote huyo kipanga, nikadhani ni mwokaji mwenzetu anayetuibia mbinu.

Nikampelekea wifi simu. Alikuwa ameinama, mkono wote umezama tanurini, na mkate ukishakuwa mkononi hauwezi kungoja. "Mwambie asubiri," akasema bila kugeuka. Kaka akasubiri. Nilimsikia anavyopumua mpaka mkate wa mwisho ukabandikwa. Nikaweka sauti ya nje, wote wasikie. Shangazi Hosiyat akasogea karibu, sikuwa na namna ya kumzuia.

"Mkate wangu uko wapi, Mohigul?"

"Kwa hiyo picha umeiona," wifi akasema.

"Nimeiona."

"Na ile ya Asal siku ya kwanza ya shule, na maua mkononi?"

"Nimeiona."

"Na ile ya meno yake?"

"Nayo pia."

"Basi macho unayo," akasema wifi, "na bando unalo."

Shangazi akaguna kwa nguvu. Kaka akaanza kusema kwamba alikuwa anaona haya. Bosi wa kwanza alimdhulumu, wa pili akamfukuza, ile ghorofa aliyotuahidi haina hata tofali, na kila akishika simu anajiuliza aanze na neno gani, na kadiri siku zinavyokwenda neno lenyewe linazidi kuwa gumu. Akasema kwenye picha zetu alikuwa anautafuta mkate wake kwanza kabla ya kutuangalia sisi, na akiuona pale ukutani anajua bado ana pa kurudi. "Leo nimetafuta," akasema, "haupo." Na akalia, Mama mdogo. Kaka Ergash, ambaye alivunjika mkono utotoni akaja nyumbani anapiga mluzi! Mama alijifunika uso kwa aproni. Hata mimi nililia, sioni haya kukuambia.

Nilitegemea wifi naye alie. Alijipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Mikate inaungua," akasema, akakata simu.

Mikate haikuwa inaungua. Nilichungulia tanurini nikaona.

Tangu hapo Mama hakunipa raha. Ile picha ya asili ninayo bado kwenye simu, na kuurudisha mkate ukutani ni kazi ya kufumba na kufumbua. "Urudishe," ananiambia nikiamka. "Urudishe," ananiambia na tonge liko mdomoni. "Akiuona atatulia roho." Shangazi naye akawa anakuja kunikumbusha, safari hii na viatu vyake vyote viwili. Kusema kweli mimi pia nilitaka kuurudisha. Nilijiona kama nimemfungia mtu mlango bila kukusudia.

Basi juzi nikakubali. Nimekaa barazani, picha iko mbele yangu, nimeshachagua pa kubonyeza, wifi akapita na sinia la mikate kichwani. Akasimama nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Narudisha mkate. Mama kasema."

"Iache."

"Lakini wifi, yeye anadhani tumeushusha kweli."

"Picha iache hivyo hivyo," akasema. "Amezoea kututazama kwenye simu. Akitaka kujua kama mkate wake upo, aje autazame ukutani."

Mama alikuwa mlangoni, akasikia kila neno. Nikajikunyata nikingoja ngurumo, maana wewe unamjua dada yako. Haikuja. Alishuka ngazi na ndara zake, akampokea mkwewe lile sinia, akalipeleka ndani mwenyewe. Mpaka leo neno "rudisha" halijatajwa tena katika nyumba hii.

Sasa utauliza kama kaka amepiga tena. Hajapiga. Na Lochin naye hajatazama kitu tangu siku ile. Nimeweka mikate ya malenge, nimeweka Asal akirusha unga, nimeweka hata simba wa Tolqin ili nimchokoze, lakini wapi. Sijui amekasirika, sijui yuko njiani, sijui bando limemwishia. Naangalia kila mara kama mwehu. Wifi haniulizi kitu, lakini akiniona nimeshika simu hupunguza mwendo akipita.

Namwangalia, najaribu kujua anataka nini. Namaanisha, anataka kaka aje, au anataka tu apate sababu ya kwenda Rishton moyo ukiwa mweupe? Nilimwuliza wakati tunachekecha unga. Akanijibu, "Wewe si ndiye unayejua kusoma sura za watu? Nisome." Nikamsoma, Mama mdogo, nikamsoma mpaka macho yakauma, nikashindwa.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Kaka atakupigia. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, na tangu utotoni akiharibu hukimbilia kwako. Ataanza kwa mbali, atakuuliza magoti, atakuuliza baridi, atakuuliza Mama, na mwisho atakuuliza kama mkate wake bado upo. Usimtafutie jibu kwa Mama, wala kwa Shangazi Hosiyat, ambaye nimemzuia kufika barazani kwa sasa, hapiti zaidi ya jikoni.

Na kwangu pia usilitafute. Asubuhi hii nimepita barazani, nikainua macho, nikaona nilichokiona. Sikuandikii ni nini. Akikuuliza, mwambie Hulkar hakusema, na utakuwa umemwambia kweli. Kisha mwambie Navruz ni mwezi ujao, na kwamba geti letu bado linafunguka kwa kusukumwa kwa bega.

Msalimie sana rafiki yako Gulnora mnayekaa naye chumba kimoja, na umwambie ile nembo ya saluni ya dada yake iko tayari, isipokuwa tausi sitampaka dhahabu mkia mzima. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Wifi Mohigul anakusalimu. Asal anakusalimu na amekuchorea farasi, ingawa kwa miguu ile huenda ni meza. Hata Shangazi Hosiyat anakusalimu, japo hajui nakuandikia nini.

Mungu akulinde na barafu ya ngazini, akufanyie wepesi mkate wako wa ugenini, na akupe siku ya kuumalizia ule mwingine ukiwa na meno yako yote.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kupungua,

Hulkar